Bhutan: usiku 5 magharibi au usiku 9 mpaka Bumthang? Na uende Aprili au Novemba?

Watu wengi wakianza kupanga safari ya Bhutan wanaanza na hoteli, au wanakimbilia tiketi ya kutoka Nairobi au Dar halafu wanasema mengine yatajipanga mbele ya safari. Kwa nchi nyingine sawa, ila Bhutan haiendi hivyo, kwa sababu kule serikali inakutoza kwa kila usiku unaolala, kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni usiku ngapi, la pili ni mabonde mangapi, hoteli inakuja nyuma huko.

Tozo yenyewe kila mtu anaiita SDF na ni dola 100 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja. Walipofungua nchi tena Septemba 2022 baada ya korona waliiweka dola 200, wageni hawakurudi kama walivyotegemea, Septemba 2023 wakaikata nusu, na hicho kiwango cha 100 kimetangazwa kudumu mpaka tarehe 31 Agosti 2027. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 analipiwa nusu, chini ya miaka 6 halipiwi. Viza ni dola 40, unalipa mara moja na hairudishwi. Wahindi wao wana kiwango chao, rupia 1,200 kwa usiku, kwa hiyo ukikuta msafiri wa India kaandika bajeti yake ya Bhutan tafadhali usiichukue kama ilivyo, itakudanganya vibaya sana.

Kwa mtu wa Moshi au Arusha haya hayatamshangaza, Kilimanjaro nako ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku na hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Bhutan nayo ukishatoka nje ya Thimphu (mji mkuu) na Paro (penye uwanja wa ndege) lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na kiukweli karibu wageni wote wanachukua mwongozaji na gari tangu wanapotua mpaka wanapoondoka.

Sasa tuweke hizo safari mbili pamoja, ile ya usiku 5 magharibi mwa nchi na ile ya usiku 9 mpaka Bumthang, katikati ya nchi.

Usiku 5, magharibi tu

Hapa unazungumzia Thimphu, Punakha na Paro. Mpangilio ninaoupenda mimi ni usiku 1 Thimphu, 2 Punakha, 2 Paro. Makampuni mengi yatakuandikia 2 Thimphu, 1 Punakha, 2 Paro, waambie wageuze. Sababu ni kwamba Punakha iko chini, mita 1,200 hivi, wakati Thimphu iko kama mita 2,300, kwa hiyo siku za mwanzo unapumua vizuri, unalala vizuri, na mwili unapata nafasi kabla ya kurudi juu Paro kupanda Taktsang, ile monasteri iliyo kwenye mwamba. Halafu Punakha penyewe panastahili siku nzima. Ile dzong yao (yaani ngome ambayo nusu ni ofisi za serikali na nusu ni monasteri) ilijengwa mwaka 1637 na Zhabdrung Ngawang Namgyal, yule aliyeiunganisha Bhutan kuwa nchi moja, na imekaa pale pale mito miwili inapokutana, Pho Chhu na Mo Chhu. Ukifika kipindi cha machipuko utakuta mijakaranda imechanua pembeni ya ukuta wake, mtu wa Nairobi atajisikia nyumbani. Ukilala usiku mmoja tu unaishia kuiona dzong mbio mbio na kurudi kwenye gari, na lile daraja refu la kuning'inia juu ya mto na yale mashamba ya mpunga ya kutembea kwa miguu unayakosa.

Barabara za safari hii hazichoshi. Paro mpaka Thimphu ni kama saa moja na kidogo, Thimphu mpaka Punakha ni saa mbili na nusu mpaka tatu, mnapita Dochula, njia ya juu ya mlima kwenye mita 3,100, ambapo kuna chorten (vijengo vya ibada vya Kibuddha) 108 zimejengwa pamoja kwenye kilima, na hali ya hewa ikiwa safi unaona mstari mzima wa milima yenye theluji.

Taktsang iweke siku ya mwisho, si ya kwanza, hata kampuni ikikwambia "mtatua asubuhi mtapanda mchana". Monasteri iko mita 3,120, yaani juu kuliko kituo cha Mandara kwenye njia ya Marangu ambacho ni mita 2,720, na wewe asubuhi hiyo ulikuwa Bangkok kwenye usawa wa bahari. Kupanda ni saa mbili mpaka tatu kwa mtu wa kawaida, farasi wanakodishwa ila wanakufikisha nusu ya njia kwenye mgahawa, na kushuka unashuka kwa miguu yako mwenyewe, kwa hiyo mwenye magoti mabovu alijue hilo mapema. Mwishoni kuna ngazi nyingi za mawe, za kushuka kwanza halafu za kupanda. Ndani simu na kamera haziingii, unaziacha getini. Ilijengwa mwaka 1692, ikaungua 1998, ikarudishwa, na ukiiona pale ilivyojishika kwenye mwamba unaelewa kwa nini watu wanavuka bahari kwa ajili yake tu.

Hesabu ya wawili: SDF dola 1,000, viza dola 80, jumla 1,080 kabla ya hoteli, gari, mwongozaji na ndege. Familia ya wazazi wawili na mtoto wa miaka 8, SDF peke yake ni 1,250.

Usiku 9, mpaka Bumthang

Hii ni safari nyingine kabisa. Baada ya Punakha unapanda Phobjikha, bonde pana la mita karibu 3,000 ambako ndege aina ya korongo wenye shingo nyeusi wanatua kutoka Tibet kuanzia mwishoni mwa Oktoba na kukaa mpaka Februari au Machi. Kutoka hapo unapita Trongsa, dzong yake imeshuka kwenye ukingo wa mlima kwa ngazi ngazi, halafu ndiyo unaingia Bumthang. Bumthang ndiyo roho ya dini ya kule. Kuna Jambay Lhakhang (lhakhang ni hekalu) ambayo historia yao inaipeleka karne ya 7, kuna Kurjey Lhakhang ambapo wanaamini mwili wa Guru Rinpoche, mtakatifu aliyeleta Ubuddha kule, uliacha alama kwenye mwamba, na kuna Mebar Tsho, lile ziwa dogo kwenye korongo la mto wanalolihusisha na mtakatifu wao Pema Lingpa, watu wanawasha taa za siagi pembeni ya maji. Wageni ni wachache kuliko Paro. Chakula nacho kinabadilika, huko juu wanakula sana tambi za buckwheat (aina ya nafaka) badala ya wali mwekundu, na wanatengeneza jibini nzuri mno.

Mpangilio unaoleta maana: Thimphu 1, Punakha 1, Phobjikha 1, Bumthang 3, usiku 1 njiani wakati wa kurudi, Paro 2. SDF kwa wawili ni dola 1,800 na viza 80, yaani dola 800 zaidi ya ile ya kwanza, na hapo bado hujalipa usiku minne ya ziada ya hoteli, gari na mwongozaji.

Shida ni barabara. Phobjikha mpaka Bumthang ni saa tano mpaka sita za kona, kona, kona, mtu anayetapika kwenye gari atateseka kweli. Kuna ndege ndogo ya ndani Paro–Bumthang, kama nusu saa tu, inaokoa siku nzima, ila hali ya hewa inaiahirisha mara kwa mara, kwa hiyo kama utaitumia itumie kwenda na si kurudi, kwa sababu ikifutwa siku ya kurudi na kesho yake una ndege ya kimataifa hapo utalia.

Kwa hiyo ipi?

Safari mbaya kuliko zote ni ya katikati, ile ya usiku 6 au 7 ambayo kampuni imekubana mpaka Bumthang na kurudi kwa sababu mteja alisema "nataka kuona kila kitu". Unalipa dola 100 kwa usiku halafu mchana wote uko kwenye siti ya gari unaangalia mabonde kupitia kioo. Nimesoma ratiba nyingi za namna hiyo ambazo watu wamenitumia niwaangalizie na zinaniuma, kwa sababu ni pesa za watu waliojibana miaka. Kama una usiku 6 au 7, baki magharibi, ongeza Phobjikha usiku mmoja au bonde la Haa usiku mmoja, basi, utafurahi.

Usiku 9 ninaishauri kwa mtu wa aina mbili: anayependa dini, historia na sanaa za kule kwa moyo wake, au anayeenda kwa ajili ya sherehe ya Jambay Lhakhang Drup ambayo huwa Oktoba au Novemba. Wengine wote, hasa ukiwa na watoto au wazazi, usiku 5 au 6 magharibi ni safari kamili. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai ndiyo kabisa, Delhi kwenu ni karibu, usiku 5 inaingia kwenye likizo fupi ya kazini.

Aprili au Novemba

Machi mpaka Mei ni maua. Rododendroni zinachanua milimani nyekundu na waridi, Punakha kuna ile jakaranda, na Paro Tshechu inaangukia Machi au Aprili. Tshechu ni siku kadhaa za ngoma za vinyago uwanjani, watu wote wamevaa mavazi yao ya asili, gho (wanaume) na kira (wanawake), yale mazuri kuliko yote, na siku ya mwisho alfajiri sana inafunguliwa picha kubwa ya kitambaa, thongdrel, inayofunika ukuta mzima, watu wanapanga foleni kuipata baraka yake kabla jua halijaigusa. Tarehe zinafuata kalenda yao ya mwezi kwa hiyo zinahama kila mwaka, mtu wa Pwani aliyezoea Idi anaelewa, uliza kampuni tarehe ya mwaka wako kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ubaya wa kipindi hiki ni ukungu, milima mirefu inajificha siku nyingi, na wiki ya Tshechu hoteli za Paro zinajaa na bei zinapanda.

Oktoba na Novemba ni anga safi. Mvua za monsuni zimeshaisha, vumbi limeoshwa, na kama ndoto yako ni kuona Himalaya yenyewe basi ni hapa. Mpunga unakuwa wa dhahabu na unavunwa, pilipili zinaanikwa mapaani zinakuwa nyekundu nyumba nzima. Thimphu Tshechu inakuwa Septemba au Oktoba, na tarehe 11 Novemba pale monasteri ya Gangtey, Phobjikha, kuna sherehe ya korongo, hiyo haihami, watoto wa shule wanacheza wamevaa kama ndege. Ubaya: usiku ni baridi kweli kweli, Phobjikha inaganda, na Oktoba wageni ni wengi mno.

Mimi ningechagua wiki ya pili ya Novemba bila kusita, anga bado safi, ule umati wa Oktoba umepungua, korongo wamefika.

Ila kuna jambo la shule ambalo kwetu linaamua zaidi kuliko maua. Kenya wanafunga Aprili, hiyo inakaa vizuri na maua na ukibahatika inakaa na Tshechu pia. Tanzania likizo ndefu ni Juni na Desemba. Juni usiende, ndiyo mvua zinaanza, barabara zinaporomokewa na udongo, msituni ruba wanapanda mpaka kwenye soksi, na mawingu yamefunika kila kitu. Desemba watu wanaiogopa kwa sababu ya baridi ila ni kipindi kizuri sana kwa familia ya Kitanzania: anga ni bluu, hoteli zinashusha bei, Punakha mchana kuna jua zuri, korongo wapo. Lala usiku mingi zaidi Punakha, chukua majaketi ya maana, na ulizia hoteli kama vyumba vina hita, uliza kwa maandishi wakujibu kwa maandishi.

Delhi, Bangkok au Kathmandu

Uwanja wa kimataifa ni mmoja, Paro, na mashirika ya ndege yanayotua ni Druk Air na Bhutan Airlines. Uwanja uko katikati ya milima, rubani anatua kwa macho na mchana tu, kwa hiyo ukungu ukikaa ndege inasubiri au inageuza. Ndiyo maana nasisitiza, weka usiku mmoja mzima wa akiba Delhi au Bangkok wakati wa kwenda NA wakati wa kurudi, na tiketi ya Paro ishike kwanza, ya Nairobi au Dar au Entebbe inafuata, kwa sababu siti za Paro ni chache na zikiisha zimeisha.

Delhi ni karibu kwa ramani na ukikaa upande wa kushoto wakati wa kwenda unaona Himalaya yote mpaka Everest. Omba viza ya mtandaoni ya India hata kama unapita tu, maana tiketi zikiwa mbili tofauti usitegemee begi litaunganishwa lenyewe, utatoka ulichukue na ulichekini upya, na bila viza hutoki. Bangkok ni mzunguko mkubwa zaidi ila Kenya Airways inaruka moja kwa moja kutoka Nairobi na Ethiopian kutoka Addis, na ndege ya Paro inaondoka alfajiri sana, lala karibu na uwanja. Kathmandu ninaipendekeza kwa mtu anayetaka kuunganisha na Nepal, Mkenya na Mtanzania wanapata viza wakifika, dola 30 kwa siku 15, na kutoka hapo Paro ni kama saa moja. Na kama bajeti ikigoma kabisa, Nepal peke yake bila tozo ya usiku ni safari nzuri tu, haina aibu.

Barabara nayo ipo: unatua Bagdogra, India, unaendeshwa saa nne au tano mpaka Jaigaon mpakani, unavuka geti unaingia Phuentsholing upande wa Bhutan, kesho yake saa tano nyingine mpaka Thimphu. Inapunguza nauli ila inakula usiku wa SDF, hesabu vizuri kabla ya kushangilia. Ukiitumia, ingia kwa barabara utoke kwa ndege, kwa sababu viza ya mtandaoni ya India inakuruhusu kuingia India kupitia vituo vilivyoteuliwa tu, kurudi kwa geti la Jaigaon ukiwa nayo bila kuhakikisha kwanza kama limo ni kujitafutia matatizo.

Kundi au peke yenu

Kwa kundi mnagawana gari na mwongozaji kwa hiyo bei kwa kichwa inashuka, SDF haishuki. Peke yenu mnasimama mnapotaka, mnaamka mnapotaka. Watu wanne wanaojuana ndiyo idadi nzuri kuliko zote, gari moja linatosha na hakuna mgeni wa kumsubiri. Kampuni ikikutumia bei moja ya jumla, waombe waipasue: SDF kando, viza kando, hoteli kwa majina, na uliza kama viingilio vya dzong na Taktsang vimo au utalipa getini, maana hapo ndipo bei mbili zinazofanana zinapoachana. Omba pia namba yao ya leseni na uihakiki kwa idara ya utalii ya Bhutan kabla ya kutuma hata dola moja, na pesa tuma kwenye akaunti ya kampuni, ya mtu binafsi hapana.

Chakula kidogo, kwa sababu naulizwa sana na watu wa Pwani na Zanzibar. Chakula cha taifa ni ema datshi, pilipili zimepikwa kama mboga ndani ya jibini, ni kali kweli, hata mlaji pilipili wa kwetu atatoa jasho. Nyama nyingi inaletwa kutoka India na halali si rahisi kuipata, kwa hiyo iambie kampuni mapema kwamba mtakula mboga, mayai na dengu, hoteli zimezoea kabisa kupikia wasiokula nyama na mtashiba. Wenye kuvaa hijabu hawana shida, nguo ndefu ndizo zinazotakiwa kwenye dzong, wanaume ndio wanaosahau wakaenda na kaptula wakazuiwa getini.

Na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukitokea Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, India wanaidai, na asiyekuwa nayo wanaweza kumweka karantini mpaka siku 6. Chanja angalau siku 10 kabla ya kusafiri ndipo cheti kinakuwa halali, kiweke kwenye begi la mkononi pamoja na pasi yenye muda wa miezi 6 mbele na ile barua ya viza ya Bhutan iliyochapishwa, kwa sababu kaunta ya kuchekini ndege ya Paro wanaitaka barua hiyo kabla hawajakupa siti.